Chaja ya Gari Nyumbani: Upelelezi Kwanza, Mwendo Baadaye

Gari liendalo kwa umeme si hadithi ya nchi za mbali tena. Baadhi ya maafisa na askari wetu wameanza kuyanunua, na wengine wengi wanauliza habari zake katika mesi na katika kantini. Wapo waliochoshwa na bei ya petroli, na wapo waliovutiwa na gari lisilotoa moshi wala kelele. Nia yao ni njema, nasi twaiunga mkono. Hata hivyo twapenda kuwaambia neno moja mapema, kabla hawajaambiwa na zimamoto: matayarisho ya umeme nyumbani hutangulia kununua gari, wala hayafuati.

Uganda inayo haki ya kujivunia jambo hili. Bwawa la Nalubaale huko Jinja, lililoitwa zamani Owen Falls, lilifunguliwa mwaka 1954. Isimba, lenye uwezo wa megawati 183, lilizinduliwa mwaka 2019, na Karuma, lenye megawati 600, likazinduliwa mwaka 2024. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari dogo la umeme la Kiira EV, na mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola litumialo nguvu ya jua. Kiwanda cha Kiira Motors huko Jinja kimejengwa na NEC, shirika la uchumi la jeshi letu. Kwa hiyo gari la umeme si mgeni kwa mtu avaaye sare. Mikono ya askari imechanganya saruji ya kiwanda chake.

Lakini umeme unaotoka Karuma ukiwa na nguvu za kuendesha viwanda hufika nyumbani kwa askari kwa waya mwembamba, kupitia mita moja, kisanduku kimoja cha fyuzi, na mara nyingi soketi iliyotiwa ukutani miaka mingi iliyopita kwa ajili ya redio na pasi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mtu atasema: "Mbona mke wangu huchemsha maji kwa birika la umeme katika soketi hiyo hiyo, na halijatokea jambo?" Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha tahariri hii. Birika hula karibu kilowati 2 au 3, lakini kazi yake humalizika kwa dakika chache, na waya hupata nafasi ya kupoa. Gari lililochomekwa katika soketi ya kawaida hula karibu kiasi hicho hicho kwa saa sita, kumi, au usiku mzima bila kupumzika. Soketi iliyolegea huanza kupata joto saa ya kwanza. Saa ya tatu plastiki yake hulainika. Saa ya tano, wenye nyumba wakiwa wamelala fofofo, hutoa moshi. Waya unaobeba mzigo mzito kwa muda mrefu ni kama kuruta anayebeba mfuko wa mchanga: hatua mia moja atatembea akicheka, lakini mpe maili kumi ndipo utakapomjua.

Tulipokuwa katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba hakuna kikosi kinachosonga kabla ya upelelezi kurudi. Mkuu hutaka kujua njia, daraja, maji na nguvu ya adui. Afisa aliyeyashika mafunzo hayo akiwa msituni hana sababu ya kuyasahau akiwa nyumbani kwake. Na upelelezi wa chaja una sehemu zake.

Sehemu ya kwanza ni kuijua haja yako mwenyewe. Tuchukue mfano wa afisa akaaye Bombo na kufanya kazi Kampala. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 70. Gari dogo la umeme hutumia takriban yuniti 16 kwa kilometa 100. Basi afisa huyu, pamoja na umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji, atahitaji yuniti 12 au 13 kila usiku. Soketi imara iliyowekewa waya wake peke yake, ikitoa ampea 10 kwa volti 240, hutoa kilowati 2.4. Kwa saa tano na kitu kazi imekwisha, na afande bado yu usingizini. Huyu hahitaji chaja kubwa ya ukutani. Lakini yule ambaye betri yake ni ya yuniti 40 na kila mara huirudisha ikiwa karibu tupu, akitumia soketi hiyo atangoja saa 17 na zaidi. Huyo ndiye mwenye haja ya chaja ya ampea 32, itoayo kilowati 7 na kidogo, ambayo itamaliza kazi kwa muda wa saa sita hivi.

Sehemu ya pili ni kulijua gari. Kifaa kinachofungwa ukutani, ambacho sote twakiita chaja, kwa kweli hupitisha umeme kwa usalama na kuukata panapotokea hitilafu. Chombo kinachougeuza umeme uweze kuingia katika betri kimo ndani ya gari lenyewe, nacho kina kipimo chake. Magari ya Nissan Leaf ya mwanzo, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2010, mengi hupokea kilowati 3.3 tu. Mwenye gari hilo akifunga chaja ya kilowati 7 atakuwa amelipia nguvu ambayo gari lake haliwezi kuimeza. Aidha, matundu ya kuchajia hayafanani: gari lililotoka Japani mara nyingi lina tundu la namna moja, la Ulaya namna nyingine, na la China namna ya tatu. Mnunuzi alitazame tundu kabla ya kutoa fedha, kama vile askari atazamavyo kipimo cha risasi kabla ya kupokea sanduku kutoka stoo.

Sehemu ya tatu ni kuijua nyumba. Hapa macho ya mwenye nyumba hayatoshi. Anatakiwa fundi umeme mwenye kibali cha ERA, ambayo ndiyo mamlaka ya kudhibiti umeme nchini. Fundi wa kweli haanzi kwa kutoboa ukuta. Huanza kwa kuuliza maswali: Mita yenu hupokea ampea ngapi? Jiko, pasi na hita ya maji huwashwa saa ngapi? Waya wa arthi upo, na umefika ardhini kweli au umekatwa nyuma ya ukuta? Kisha hupima. Ikionekana kuwa nyumba haina nafasi ya mzigo mpya, njia iliyo halali ni kupeleka maombi kwa UEDCL, shirika la Serikali lililopokea kazi ya kugawa umeme kutoka Umeme Limited mnamo mwaka 2025, ili liangalie mita, waya wa kuingilia na transfoma ya mtaa. Haifai mtu mmoja achaji gari lake kwa gharama ya giza la majirani kumi.

Kazi yenyewe inapofanywa, yapo mambo machache ambayo kila mwenye nyumba ayadai bila kuona haya. Chaja iwe na waya wake kutoka kisanduku cha fyuzi, usiogawanywa na kitu kingine. Kwa ampea 32 waya wa shaba wa milimita 6 za mraba ndio wa kuanzia, na njia ikiwa ndefu fundi huongeza unene. Iwepo swichi ya kukata mzigo unapozidi, na iwepo pia swichi ya kukinga mshtuko, ile inayokata umeme mara unapovuja kwa milliampea 30, iliyo ya aina inayofaa kwa magari ya umeme. Iwepo arthi iliyopimwa, na kwa kuwa nchi yetu hupigwa radi nyingi, kiwepo na kifaa cha kukinga nguvu za radi. Mwisho, fundi aandike na kutia sahihi yale aliyoyafanya. Fundi akataaye kutia sahihi kazi yake amekwisha kukuambia ubora wake.

Haya yote yana gharama, na tunajua mshahara wa askari ulivyo. Ndiyo maana twasema hesabu ya chaja iingizwe katika bei ya gari tangu mwanzo. Aliyetumia fedha zake zote kununua gari, akabaki na fedha za kununua eksitensheni sokoni, hakununua gari. Amenunua hatari yenye magurudumu manne. Rahisi ni ghali.

Sasa koplo aweza kuuliza: "Mambo haya ya maafisa yanihusu nini mimi?" Yakuhusu sana, ndugu yetu. Pikipiki za umeme zinazidi kuonekana, na askari wengi watafika kwenye pikipiki kabla ya gari. Zipo pikipiki ambazo betri yake hubadilishwa kituoni, na hizo hazina matata makubwa nyumbani. Lakini zipo ambazo betri hutolewa na kuchajiwa chumbani. Askari asiiweke betri hiyo mlangoni wala chini ya kitanda wanapolala watoto, kwa maana moto wa betri za namna hii huja kwa ghafula, ni mkali, na moshi wake ni sumu. Asitumie chaja isiyokuwa ya betri ile. Na betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyolowa maji isichajiwe hata mara moja.

Twasema kwa mkazo zaidi kwa wale wanaokaa katika uniporti, zile nyumba za mabati ambamo polisi wetu wengi wanaishi na jamaa zao. Waya ukipitishwa juu ya ukingo wa bati, bati hukata ngozi ya waya polepole, kama kisu kisicho na haraka. Siku itakapogusa shaba, nyumba nzima itakuwa na umeme, na mtoto atakayerudi kutoka bombani na miguu yenye maji ndiye atakayeipima kwa mkono wake. Hapana gari wala pikipiki inayostahili malipo hayo.

Tena, nyumba ya kambini si mali ya anayelala ndani yake. Ni mali ya umma, na kesho atahamia mwingine. Kwa hiyo asitoboe mtu ukuta wala kufungua kisanduku cha fyuzi kabla ya kupeleka maombi kwa mkuu wake kwa njia ya kawaida, yakapita kwa kwatamasta na kwa mafundi wa kambi, na yakajibiwa kwa maandishi. Aliyepanga nyumba ya raia naye apate ruhusa ya mwenye nyumba. Nasi twawaomba wakuu wa kambi na wa vituo wasiyalaze maombi hayo katika faili. Mahali ambapo wenye haja ni wengi, ingefaa kufikiria sehemu moja ya kuchajia, karibu na kwota gadi, iliyojengwa na mafundi na yenye mita yake, kila mtu akalipa alichotumia. Askari anyimwapo njia iliyo wazi hushawishika kutafuta uchochoro.

Na huo uchochoro ndio tunaouogopa kuliko moto. Yupo mtu atakayemwambia askari: "Afande, wewe ni mtu mkubwa, nani atakuuliza? Tutaunganisha kabla ya mita." Wizi wa umeme ni kosa la jinai, na mwaka 2022 Sheria ya Umeme ilirekebishwa na adhabu zake zikazidishwa sana. Lakini hata kama isingekuwepo adhabu, tungesema vile vile. Polisi ndiye anayeitwa kumkamata raia aliyeunganisha waya kwa wizi. Atamtazamaje usoni, ikiwa gari lake mwenyewe hulala likinyonya umeme usiolipiwa? Raia hupima Serikali nzima kwa askari mmoja anayemwona jirani. Sare haituondolei mita. Hutuongezea sababu ya kuisoma sawasawa.

Baada ya kufunga, kazi ya ulinzi huendelea. Kila mwezi kibonyezwe kile kibonye cha kujaribu kwenye swichi ya kukinga mshtuko. Isipokata, aitwe fundi siku hiyo hiyo. Plagi ishikwe kwa mkono baada ya saa moja ya kuchaji. Ikiwa ya moto kiasi cha kuuondosha mkono, umeme uzimwe. Waya usipitishwe chini ya zulia wala mahali panapokanyagwa na magari. Na kila mtu katika nyumba, pamoja na mtoto mkubwa na msaidizi wa kazi, ajue swichi kubwa iko wapi, na ajue kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji kabla ya kuikata. Zimamoto wetu ni sehemu ya Jeshi la Polisi. Ni ndugu zetu wa sare moja. Tusiwaite usiku wa manane kuja kuzima uzembe wetu.

Ndugu askari, twayapenda maendeleo, wala hatutaki mtu yeyote arudi nyuma. Mwenye uwezo wa kununua gari la umeme na alinunue, na alitumie kwa furaha. Tunachomtaka afanye ni kidogo: wiki moja kabla ya kulipa, amwite fundi mwenye kibali, asimame naye mbele ya kisanduku cha fyuzi, na amsikilize. Akiambiwa nyumba iko tayari, vema. Akiambiwa haiko tayari, asubiri aitayarishe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta ulioungua, pamoja na waliolala nyuma yake, haujengwi tena kwa mshahara wa mwezi.