FILAMU HAIMWONI MTOTO



Twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja, katika sikukuu ya Watoto Mashahidi, tuliwakusanya watoto wa parokia ukumbini baada ya Misa. Walikuwapo wa darasa la sita na la saba, walikuwapo wa chekechea, walikuwapo hata waliobebwa mgongoni na dada zao. Tuliwawekea filamu ya vibonzo, tukafunga madirisha ili giza lipatikane, kisha sisi watu wazima tukaenda kula. Filamu yenyewe ilikuwa The Lion King, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1994. Nani angeikataa? Mhusika mkuu anaitwa Simba, nyani mwenye hekima anaitwa Rafiki, na wimbo mmojawapo unasifu maisha yasiyo na matata kwa maneno ya Kiswahili. Tukajiambia: hii ni yetu, na ni ya watoto.

Tuliporudi tulimkuta mtoto wa miaka minne hivi amejificha chini ya benchi, analia. Hakutaka soda wala biskuti. Alituuliza swali moja tu: "Padre, baba mdogo anaweza kumwua baba?"

Aliyeiona filamu hiyo anajua swali lilitoka wapi. Mfalme Mufasa ananing'inia ukingoni mwa genge, anamwomba ndugu yake msaada, na ndugu yake anamtupa chini katikati ya kundi la nyumbu wanaokimbia. Kisha anamwambia mtoto wa marehemu kwamba kosa ni lake, akimbie asirudi. Katika lugha ya waliotengeneza filamu ile, neno moja hutumika kwa mjomba na kwa ndugu wa baba. Kwetu sisi ndugu wa baba ni baba. Mtoto yule aliishi nyumba moja na baba yake mdogo. Sisi tuliona simba waliochorwa. Yeye aliona nyumba yao.

Ndiyo maana twawaandikia.

1. Ati, ni katuni tu

Hili ndilo neno tunalolisikia kila tunapoligusa jambo hili. Ni katuni tu, Padre. Ni filamu ya familia. Imeandikwa kwenye jalada.

Na tulitazame hilo jalada. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa filamu 74 za vibonzo zilizotoka kati ya mwaka 1937 na 1999, zote zikiwa zimeruhusiwa kwa watu wa rika zote. Hapakuwa na hata moja isiyo na tendo la ukatili. Kwa wastani kila filamu ilibeba dakika tisa na nusu za mapigano na kuumizana. Mwaka 2014 watafiti wengine walilinganisha filamu 45 za vibonzo za watoto na filamu 90 za watu wazima. Waliona kwamba wahusika wakuu wa filamu za watoto walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi, na wazazi wa mhusika mkuu mara tano zaidi. Mama yake Bambi alipigwa risasi mwaka 1942. Tangu hapo wazazi wengi wa vibonzo wamemfuata.

Basi neno "familia" lililo kwenye jalada halituhakikishii kwamba ndani hamna ukatili. Latuambia tu nani anayetarajiwa kununua.

2. Ati, hata hadithi zetu zina mazimwi

Hoja hii ina uzito, nasi twaiheshimu. Bibi zetu walitusimulia habari za zimwi lililomeza kijiji kizima na za fisi aliyechomwa moto. Katekista huwafundisha watoto habari za Kaini aliyemwua ndugu yake, na za Herode aliyewaua watoto wa Bethlehemu. Je, nasi twataka kuyafuta hayo?

La hasha. Mtoto asiyesikia kamwe habari za uovu hataweza kuutambua utakapomjia. Lakini kumbukeni bibi alivyosimulia. Alikaa nanyi jikoni, moto ukiwaka, akiwatazama nyuso. Alipoona mdogo kuliko wote ameanza kumshika dada yake mkono, alilegeza sauti, akalifanya zimwi lijikwae, au akaanzisha wimbo wa kuitikia. Yule mkubwa alipopiga miayo, aliliongezea zimwi meno. Hadithi ilikuwa moja, lakini ilipimwa kila usiku kwa kimo cha wasikilizaji.

Filamu haipimi, kwa kuwa filamu haimwoni mtoto. Haijui kwamba huyu ana miaka mitatu, na kwamba yule alimzika baba yake mwezi uliopita. Haisiti, hailegezi sauti, haijibu swali. Humwaga yote juu ya wote kwa kipimo kimoja, kisha huendelea. Kwa hiyo pale penye filamu lazima awepo mtu mwenye macho. Asipokuwepo, mtoto amesimuliwa hadithi na kipofu asiyemjua.

Jambo hili si geni. Filamu ya Snow White ilipofika Uingereza mwaka 1938, wakaguzi wa huko hawakuipiga marufuku. Waliamua kwamba mtoto aitazame akiwa na mtu mzima. Walitambua mapema kile tulichokisahau sisi siku ile ukumbini.

3. Ati, watoto wa siku hizi wamezoea

Ni kweli, wamezoea, na hapo ndipo hofu yetu ilipo. Yapo maumivu ya aina mbili katika filamu hizi, na yatupasa kuyatenganisha. Yapo yanayoliliwa: Simba mdogo anamsukuma baba yake aamke, naye haamki. Hapo angalau kifo ni kifo, na mtoto wa miaka tisa aliyeketi karibu na mzazi wake aweza kujifunza mengi juu ya hatia, toba na kurudi nyumbani. Na yapo yanayochekwa: paka anapondwa kwa nyundo, anabanwa mlangoni, analipuliwa kwa baruti, kisha anainuka mzima, na watoto wanaangua kicheko. Aina hii ya pili tunaiona kuwa nyepesi, nasi hatuna hakika kama ni nyepesi. Yamfundisha mtoto kwamba mwenzake akipigwa haumii, na kwamba kuumizwa kwa mwingine ni burudani.

Mwaka 1963 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake, huko Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya na watoto 96 wa shule ya awali. Baadhi walimwona mtu akimpiga mwanasesere mbele yao, baadhi walimwona katika filamu, na baadhi waliona kitendo hicho kikifanywa na paka wa katuni. Baadaye makundi yote hayo yalionyesha ukali mwingi kuliko watoto ambao hawakuonyeshwa lolote. Wapo wanaojibu kwamba kumpiga mwanasesere si kumpiga mtu. Nasi twakubali, hatusemi kwamba katuni humgeuza mtoto kuwa mwuaji. Twasema tu kwamba mtoto huiga anachokiona, hata kikitendwa na paka wa katuni.

Kanisa nalo lina neno hapa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamhesabu mtoto ambaye hajatimiza miaka saba kuwa bado hawezi kuwajibika kwa matendo yake. Ikiwa hatumdai huyo Maungamo, kwa nini tumdai ajichambulie peke yake kipi cha kweli na kipi cha kuchorwa?

4. Nani anayewajibika?

Wengine watasema: Serikali. Kweli, nchini Tanzania ipo sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tangu mwaka 1976, na ipo bodi ya kukagua na kupanga madaraja. Yafaa tuwadai wenye mabanda ya video wayaheshimu madaraja hayo, na tuwaulize bila woga kwa nini watoto wadogo huonekana humo hadi usiku. Lakini daraja lililopangwa mjini halimjui mtoto wako. Wewe unamjua.

Mnamo mwaka 1981, katika wosia wake juu ya familia, Familiaris Consortio, Papa Yohane Paulo II alionya kwamba runinga nyumbani yaweza kuwarahisishia wazazi kukwepa wajibu wa malezi. Wakati ule ilikuwa runinga moja sebuleni, tena kwa wachache. Leo ni simu tunayomkabidhi mtoto ili anyamaze wakati sisi tunapika, tunauza dukani, au tunaongea na wageni. Hatuwalaumu akina mama wanaorudi kutoka sokoni wamechoka, wala wenye kulea peke yao. Twawalaumu zaidi akina baba walio na nafasi ya kutazama mpira dakika tisini, wala hawana nafasi ya kuketi na mtoto wao nusu ya muda huo.

Tusijidanganye kwamba dawa ni fimbo. Mtoto anayepigwa kofi kwa kuiga teke la katuni anajifunza kofi, hajajifunza amani.

Tunachokiomba ni kidogo. Mzazi aitazame filamu kwanza, au amwulize aliyeitazama. Walio chini ya miaka saba wasiachwe peke yao mbele yake. Mtoto akiogopa, filamu izimwe, hata kama wakubwa watanung'unika. Ikiisha, aulizwe: nani aliumia, na nani alimhurumia? Na ukumbi wa parokia usiwawekee tena filamu moja watoto wa miaka mitatu na wa miaka kumi na miwili kwa pamoja. Hilo la mwisho ni letu, nasi tumelishika.

Mtoto yule wa chini ya benchi tulimpeleka kwa baba yake mdogo, aliyekuwa akimtafuta uwanjani. Mtoto alimtazama muda mrefu kabla ya kumpa mkono. Hatukuweza kumweleza yule kijana kwa nini.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika wiki iliyopita, mtoto wako alitazama nini, na nani alikuwa ameketi naye?
2. Je, katika mtaa wetu kuna mahali ambapo watoto wadogo hutazama filamu bila mtu mzima anayewajibika? Nani kati yetu atakwenda kuongea na mwenye mahali hapo?
3. Ni nani katika Jumuiya yetu bado anajua kusimulia hadithi, nasi tumemwalika lini?