Kabla ya kutoboa ukuta wa keja, uliza umejengwa na nini

Tuambiane ukweli: si kila ukuta wa Likoni, Kisauni au Changamwe unataka TV. Umechukua inchi 43 kwa lipa mdogo mdogo, deni hata nusu hujafika, na tayari umeona TikTok zile sebule ambazo runinga imeganda ukutani kama picha. Poa. Lakini zile sebule zina ukuta ulionyooka. Wako una tumbo.

Una tumbo kwa nini? Watu hucheka, ati fundi alikuwa amelewa. Mimi nasema ulizia ardhi kwanza. Mombasa kuna mtindo wa miaka na mikaka: nyumba ni ya huyu, ardhi ni ya yule, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Wenye ardhi wengi hawakutaka mtu ajenge kwa mawe, maana nyumba ya mawe kuiondoa ni kazi. Basi watu wakasimamisha boriti, wakafunga fito, wakakandika udongo, na baadaye wakapaka plasta ya saruji juu. Ukiiangalia kwa mbali utaapa ni mawe. Huko Likoni familia ziliishi shamba la Waitiki miaka mingi bila karatasi yoyote, hadi hatimiliki zilipotolewa Januari 2016. Mtu asiyejua mwakani atalala wapi, utamdai ukuta wa pimamaji?

Halafu kuna bedsita za mawe, nyingine zimebanwa kwenye kipande cha ploti kilichobaki pembetatu, kona zake hazikutani sawasawa hata uweke kabati vipi. Mawe yenyewe ni matumbawe. Ukitaka kuyaona yakiwa uchi nenda Haller Park pale Bamburi. Ile bustani yote ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Utaona jiwe limejaa vitundu. Hilo ndilo jiwe unalotaka libebe TV yako.

Sasa anakuja fundi wa dishi na drili yake. Dakika kumi, matundu manne, amelipwa, ameenda. Plasta ina unene wa sentimita mbili hivi tu, na hapo ndipo skrubu zake fupi zimeshikilia. Ukuta wenye tumbo huigusa breketi katikati peke yake, pembeni kuna hewa. Akiikaza sana, ama chuma kinapinda ama viplastiki vya skrubu vinang'oka polepole. Hutasikia kitu wiki ya kwanza.

Breketi ya mkono, ile ya kuvuta TV nje, watu huipenda kwa ajili ya kona mbaya. Mimi siiamini kwa kuta zetu. Piga hesabu: TV ya kilo 8 ikivutwa sentimita 50 kutoka ukutani, na bolti ya juu na ya chini zimeachana sentimita 15, bolti ya juu inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 27. Kwa zege sawa. Kwa udongo uliopakwa saruji, wallahi hapana.

Kama lazima itundikwe, kuna njia. Nyumba ya boriti, gongagonga ukuta kwa kidole hadi usikie sauti imebadilika kutoka bwete hadi nzito. Hapo pana mti. Tafuta miti miwili, pigilia ubao mnene wa kuvuka yote miwili, na nyuma yake jaza vipande vya mbao palipobonyea mpaka pimamaji itulie. Breketi sasa inakaa kwenye ubao, hailumbani tena na tumbo la ukuta. Nyumba ya matumbawe, mwambie fundi azime ile nyundo ya drili atoboe taratibu. Vumbi likigeuka kutoka kijivu hadi jeupe ameingia kwenye jiwe. Drili ikizama ghafla, amepata kitundu, asogee. Bolti ziwe ndefu, na za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari haina huruma. Na TV ifuate pimamaji, isifuate dari. Dari yako nayo imepinda, wewe umeshaizoea tu.

Ila ukiniuliza mimi, nenda kwa seremala. Mpe vipimo vya ile kona yako ya ajabu akutengenezee meza ya pembetatu, nzito, fupi, na TV uifunge kwa mkanda nyuma isivutike mbele. Ukihama unahama nayo. Najua haina ile swaga ya TikTok. Lakini TV ikianguka usiku, hiyo ni hasara ya pesa, utalia na kulipa. Ikianguka saa kumi jioni, mtoto wa jirani kaja kutazama katuni na amekaa pale chini kwenye mkeka, hakuna lipa mdogo mdogo ya hiyo.

Na kabla ya tundu la kwanza, mwandikie mwenye nyumba ujumbe kwa simu: nataka kutoboa hapa, matundu manne, nikihama nitaziba. Usimwambie mlangoni kwa mdomo. Siku ya kudai deposit yako, maneno ya mlangoni hakuna anayeyakumbuka, lakini ujumbe utakuwa bado umekaa kwenye simu na tarehe yake.