Mahakama ya Kadhi: Tuijue historia kabla ya kubishana

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (Subhaanahu wa Taala), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, kila linapozuka suala la Mahakama ya Kadhi hapa Tanzania Bara husikika kauli mbili. Wapo wasemao kuwa Waislamu wameleta dai geni la kuingiza dini katika dola. Wapo na wanaojibu kuwa hiyo ni haki yetu tangu enzi za mababu, basi mjadala umekwisha. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaifupisha historia, kila mmoja akishika kipande kinachompendeza.

Tuchukue mfano. Mjane Mwislamu wa Kwale, upande wa Kenya, akidhulumiwa mirathi, anaweza kupeleka shauri lake kwa Kadhi anayetambuliwa na Katiba, na hukumu ikitoka ina nguvu ya sheria. Mjane mwenziwe wa Tanga, wa dini moja na pengine ukoo mmoja, hana mlango huo. Ni nini kilichowatenganisha? Si Qur'ani, kwani Suratun Nisaa ni moja kwa wote wawili. Jibu limo katika mikataba iliyotiwa saini na wakubwa zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliafikiana kuwa ukanda wa pwani wa maili 10 ni milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1890 Wajerumani waliununua ukanda wa upande wao kwa marki milioni 4. Aliyeuza hana tena neno juu ya mali aliyoiuza. Waingereza hawakununua. Mwaka 1895 walikubaliana na Sultani Hamed bin Thuwaini kuutawala ukanda wa upande wa Kenya kwa malipo ya kila mwaka, enzi ikibaki kuwa ya Sultani, na wenyeji wakaahidiwa kuwa dini na sheria yao havitaguswa. Ndiyo maana Oktoba 1963, uhuru ulipokaribia, Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua za kuzilinda mahakama za Kadhi, na ahadi hiyo ikaingia katika Katiba.

Hata huko Kenya mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 2004 viongozi wa makanisa walifungua kesi, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikawapa haki. Miezi mitatu baadaye wananchi wakapiga kura na kuipitisha Katiba mpya, ambayo ibara zake za 169 na 170 zinamtambua Kadhi katika ndoa, talaka na mirathi, kwa Waislamu wanaokubali wenyewe kuhukumiwa naye. Asiye Mwislamu haburutwi huko.

Kwetu Tanganyika, Wajerumani na kisha Waingereza waliendelea kuwatumia maliwali na makadhi. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliweka mfumo mmoja kwa raia wote. Tuseme kweli: hatua ile haikuwalenga Waislamu peke yao, kwani mahakama za machifu nazo ziliondoka. Viongozi walikuwa wakijenga taifa moja. Lakini ni kweli vilevile kuwa, kwa kukosa mkataba kama ule wa Kenya, hapakuwa na ahadi iliyoandikwa ya kumlinda Kadhi wetu. Mwaka 2005 suala hili liliingia katika ilani ya uchaguzi ya CCM. Mwaka 2015 muswada uliolihusu uliondolewa bungeni.

Je, tumeona sasa? Anayesema dai hili ni geni, historia inamkanusha. Lakini na sisi Waislamu tusiishie hapo. Mwenzetu wa bara anaposikia neno Kadhi, huenda masikio yake yanasikia Sultani, misafara na minyororo ya watumwa. Kumbukumbu hiyo nayo ni historia, na haiondoki kwa kukemewa. Allah ametuamrisha kusimamia uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu. Basi tukiri yaliyotendwa na watawala waliojinasibisha na dini yetu, kisha tueleze kwa upole kuwa hatuombi kurudishiwa Sultani. Tunamwombea mjane mlango wa haki.

Maana huyu ndiye anayesahauliwa. Sheria ya Kiislamu imempa thumni mumewe akiacha mtoto, na robo asipoacha. Mahakama ya mwanzo ina uwezo wa kusikiliza mirathi ya Kiislamu, lakini mara nyingi hubishaniwa kwanza iwapo marehemu aliishi kwa dini au kwa mila. Hapo shemeji aliyesimama safu ya mbele msikitini hugeuka ghafla kuwa mtetezi wa mila za ukoo, kwa sababu mila humwachia yeye shamba. Je, huyo naye amezuiwa na Bunge kumwogopa Mola wake?

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Serikali na ndugu zetu Wakristo walipime suala hili kwa haki ya raia, wakizingatia kuwa Zanzibar, ndani ya Jamhuri hii hii, ina mahakama za Kadhi kisheria na Muungano haujavunjika. Na sisi, tunaposubiri, tugawe mirathi kama tulivyoamrishwa. Hilo halihitaji muswada.

Waliotutangulia wamepita na amali zao, nasi tutaulizwa zetu. Historia inatueleza kwa nini mjane wa Tanga na mjane wa Kwale wako mbalimbali. Kuwafanyia uadilifu ni wajibu wetu tulio hai.

Wabillahi Tawfiq.