Mkuu wa mkoa wetu nani kamchagua?

Nimekuwa kimya kidogo, testi zilitubana na bumu likachelewa, mnajua wenyewe maisha yanavyokuwa bumu likichelewa. Ila leo nina la moyoni na silali nalo.

Hapa chumbani Mabibo tuko wana Mara watatu. Mimi wa Bunda, mmoja wa Nyasho pale Musoma mjini, mwingine wa Kiabakari, wilaya ya Butiama. Wa Nyasho ni kijani mpaka soksi. Wa Kiabakari ni kamanda, ukimwamsha saa nane usiku anaamka na vidole viwili juu. Walianza na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, wakaja uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, na sasa eti wanagombania 2029 na 2030! Chumba cha pili kuna jamaa yeye anafuatilia Marekani tu. Muulize uchaguzi wao wa katikati ya muhula wa Novemba 2026 una magavana wangapi, atakujibu 36 kabla hujamaliza swali. Majimbo anayataja kama timu za ligi kuu.

Sasa wadau nisikilizeni. Kati ya wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kumpigia kura mtu anayeuongoza Mkoa wa Mara. Hata mimi. Hata baba yangu. Hata bibi yangu kule kijijini, ambaye amepiga kura tangu enzi za chama kimoja. Tunapigania jezi mpaka tunanuniana, na kiti kikubwa kuliko vyote mkoani hakijawahi kuwekwa kwenye karatasi ya kura.

Fikirieni. Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Mwaka mmoja kabla ya hapo umeshachagua mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Ila wilaya na mkoa, pale kati, mwananchi kimya. Ibara ya 61 ya Katiba ya 1977 inasema mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya naye anateuliwa. Mkurugenzi wa halmashauri naye hivyo hivyo. Musoma, Bunda, Butiama, Tarime, Rorya, Serengeti, wilaya zote sita, unasikia taarifa ya habari saa mbili usiku kwamba fulani katenguliwa, fulani kahamishwa, fulani anakuja. Kama walimu wa zamu.

Na si cheo cha kukata utepe, msidanganyike. Mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya mkoa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa yeye na mkuu wa wilaya nguvu ya kuamuru mtu akamatwe na akae ndani hadi saa 48. Diwani uliyempanga foleni kumchagua anaweza kulala mahabusu kwa amri ya mtu ambaye hujamchagua. Halafu mkuu wa mkoa anayetokana na CCM anakaa kwenye kamati ya siasa ya chama mkoani, huku akitakiwa awe baba wa wote. Kijani wangu wa Nyasho anasema hilo ni jambo la kawaida. Nikamuuliza: mura, ungelala usingizi kama mkuu wa mkoa angekuwa anahudhuria vikao vya Chadema? Akavaa viatu akaenda kununua chipsi.

Na mtu asije akaniambia watu wa Mara hawajakomaa, wakipewa kura ya mkoa wataharibu. Bunda yetu hiyo! Mwaka 1995 wana Bunda walimpa ubunge Stephen Wasira wa NCCR-Mageuzi, wakamwacha Joseph Warioba wa CCM, mtu aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Baadaye mahakama ikaufuta uchaguzi ule kwa sababu ya rushwa, sawa, lakini ona ujasiri wenyewe. Miaka ishirini mbele, 2015, Wasira yuleyule akiwa amesharudi CCM na amekuwa waziri, akaangushwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa Chadema. Wasira leo ni makamu mwenyekiti wa CCM bara tangu Januari 2025. Bulaya 2020 alikuwa miongoni mwa wale wanawake 19 walioapishwa viti maalumu na chama chake kikawafukuza. Vigogo wanahama vyama kama wavuvi wanavyohama mialo. Mwananchi wa Bunda ndo hajahama, na kila alipopewa nafasi amechagua bila kuogopa jina la mtu.

Musoma Mjini vilevile. 2010 walimpa Vincent Nyerere wa Chadema, 2015 wakamrudisha Vedastus Mathayo wa CCM. Hata nyumbani kwa Mwalimu chama hakikuwahi kuwa damu: mwaka 1995 Mwalimu anamnadi Mkapa wa CCM nchi nzima, mwanawe Makongoro anachukua ubunge wa Arusha kwa NCCR-Mageuzi. Hao ndo watu mnaotaka kuniambia hawawezi kuchagua mtu wa kusimamia barabara na zahanati zao?

Kwa Mwalimu nikae kidogo, maana kila mtetezi wa uteuzi anakimbilia Butiama. Anasema mfumo huu ni wa Mwalimu, usiuguse. Ni kweli, baada ya Uhuru, 1962, wakuu wa majimbo wa mkoloni waliondolewa wakawekwa wakuu wa mikoa wanaoteuliwa, ambao walikuwa pia makatibu wa TANU. Kiti alichokalia Mwingereza akakalia Mwafrika, jambo jema sana, ila miguu ya kiti ilibaki ileile: kinatazama juu, hakitazami chini. Kisha 1972 ikaja ile sera ya madaraka mikoani, jina tamu, kumbe halmashauri zilizochaguliwa zikavunjwa na mkoa ukashikwa na watumishi wa serikali kuu. Mambo yakaharibika, zikatungwa sheria za kuzirudisha 1982, zikaanza kazi 1984. Na Mwalimu mwenyewe alikiri wazi kwamba kuzivunja serikali za mitaa lilikuwa kosa. Mzee wa Butiama alikuwa na ubavu wa kusema hapa tulikosea. Wanaoapa kwa jina lake wao hawana.

Sasa twende Sirari. Ukivuka tu uko Isebania, kaunti ya Migori. Wakurya wa huku na wa kule ni ndugu, wanaoana, wanazikana. Tangu Machi 4, 2013 yule wa kule anapiga kura ya gavana, na Agosti 10, 2027 ana nyingine. Katiba yao ya 2010 inalazimisha kaunti 47 zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Yule wa Isebania barabara ikiharibika anajua amtukane nani, na anajua tarehe ya kumwondoa. Wa Sirari yeye anaandika barua. Kwa nani? Hata hajui!

Hapo wa Nyasho aliniruka: magavana wa Kenya wezi! Wapo, tena wengi, sibishi. Ferdinand Waititu wa Kiambu huyo hapo. Ila malizia hadithi basi. Bunge la kaunti yake mwenyewe lilipiga kura aondoke, Seneti ikamng'oa Januari 2020, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani. Kwetu mteule akivurunda adhabu yake kubwa ni kuhamishwa, au kutenguliwa bila sababu kutajwa, na miaka miwili baadaye unamsikia kateuliwa ubalozini. Funika kombe mwanaharamu apite. Mi nachagua mwizi ninayeweza kumfukuza kuliko malaika nisiyeruhusiwa kumuuliza.

Hoja nzito, na hii naiheshimu, ililetwa na dada mmoja wa Tarime tunayesoma naye. Alisema: kaka, kwetu koo zimeshapigana mpaka watu wamekufa na nyumba zimechomwa, mkuu wa mkoa anayetoka mbali hana ukoo, ndiyo salama yetu. Mkichaguana wenyewe itakuwa sensa ya kabila. Hapo sikucheka. Mara ina Wakurya, Wajaluo, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wangoreme, Waruri, Wakwaya na wengine kibao, na Migori penyewe Wakuria ni wachache na manung'uniko yapo. Lakini tazama kilichotokea pale: kwa sababu Mjaluo hawezi kulala na uhakika bila kura za Kuria, wagombea wamekuwa wakitafuta mgombea mwenza Mkuria. Na kwetu hakuna kabila moja linaloweza kuubeba mkoa peke yake. Mtu wa Tarime akitaka kura za Musoma itabidi aende Mwigobero ale dagaa na Wajita na awaeleze atafanya nini.

Pia kazi yenyewe igawanywe. Kenya polisi hawako chini ya gavana, na serikali kuu ina kamishna wake wa kaunti anayeteuliwa. Basi na sisi tufanye hivyo: Rais awe na mtu wake wa ulinzi, aje kutoka Mtwara huko, asiwe na ukoo, dada yangu wa Tarime alale. Ila bajeti, barabara, ardhi, uvuvi, mipango ya mkoa, hiyo ashike mtu tuliyempigia kura.

Ardhi nimeitaja makusudi. Wana Bunda mnaijua Nyatwali. Watu wa kata ile wametakiwa kuhama ili Hifadhi ya Serengeti ifike ziwani, Ghuba ya Speke. Inawezekana sababu za uhifadhi ni nzuri, tembo wanahitaji maji na sisi wa Bunda tunawajua tembo kuliko mnaowaona kwenye kalenda. Mi sibishani na tembo. Nauliza nani alikaa mezani kwa niaba ya Nyatwali. Mwenyekiti wa mtaa alichaguliwa, hana mamlaka. Mbunge alichaguliwa, yuko Dodoma anaomba mwongozo. Wanaobeba ujumbe wa serikali kuja mkutanoni ni mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, na hao kazi yao kwa mujibu wa uteuzi ni kuleta neno la juu likafika chini. Kulipeleka la chini juu ni hisani. Akigoma kulipeleka wanamfanya nini? Wanasubiri saa mbili usiku, pengine atatenguliwa kwa jambo lingine.

Kamanda wa Kiabakari naye asikenue meno hapo, zamu yake imefika. Yeye anasema kwanza tume huru, hayo ya mkoa baadaye. Namwelewa. 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Aprili 2025 chama chake kikaondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, mwenyekiti wake akawa mahabusu kwa kesi ya uhaini, Oktoba intaneti ikazimwa na watu wakauawa. Wapo miongoni mwetu waliozika, sitaisimulia hapa kama mpira. Lakini kamanda, hata kura zile zingehesabiwa na malaika watupu, kiti cha mkoa kisingekuwemo! Chama chako kikishinda kesho, Rais wako ataamka asubuhi na viti 26 vya mikoa bara vya kugawa, na wilaya zote chini yake. Nimekuuliza mara tatu kama ataviacha. Mara tatu umenijibu kuhusu CCM.

Hapo ndo siri ilipo. Vyama vyote vinautazama mkoa kama zawadi ya mshindi. Tume ya Warioba, mzee wetu wa Bunda aliyekosa ubunge 1995, ilikabidhi rasimu ya pili Desemba 30, 2013, mjadala wote ukamezwa na serikali mbili au tatu, Ukawa wakatoka nje Aprili 2014, Bunge Maalum likapitisha yao Oktoba, kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Swali la nani atawale mkoa lilizama bila hata povu.

Kwa hiyo wana Mara, mgombea yeyote atakayekuja Mukendo na fulana, awe kijani, awe kamanda, awe wa chama kilichosajiliwa juzi, muulizeni kabla ya ngoma kupigwa: mheshimiwa, utakubali tumchague mkuu wa mkoa wetu, ndiyo au hapana? Akianza na "suala hilo ni mtambuka" mrudishieni fulana yake.

Wa Nyasho na wa Kiabakari wote wamenijibu "hapana, kwa sasa". Ni mara ya kwanza nawaona wanakubaliana. Naomba kuwasilisha.