Jicho la Mkata Miwa Halingoji Cheti



Kila viongozi wetu wanapokaa mezani na waajiri, hurudi na habari za mishahara, posho ya nyumba na siku za likizo. Hayo ni haki yetu na tumeyapigania. Lakini zahanati ya shamba imeachwa kama zawadi ya tajiri: akipenda ataweka nesi, asipopenda ataweka sanduku la bendeji na ufunguo akae nao karani. Sisi wa mashamba ya miwa ya Uganda tunasema wazi kwamba uuguzi wa macho na masikio uandikwe ndani ya mkataba, kifungu kwa kifungu, kama mshahara unavyoandikwa.

Asiyekata miwa halijui jani lake. Kingo zake zina meno kama ya msumeno mdogo, na mkataji huinama humo tangu alfajiri, uso mbele. Jani likikwaruza kioo cha jicho, mtu huhisi kama mchanga umeingia. Anafuta kwa mkono wenye vumbi, anaendelea na kazi. Mkwaruzo wenyewe ungepona. Hatari ni kuvu wa kwenye majani na udongo, ambao huingia pale palipochanika na kulila jicho polepole.

Mwenzetu mmoja aliumia hivyo. Nyapara alimwambia amalize kipande chake kwanza, ndipo aandikiwe cheti cha kwenda zahanati. Cheti alikipata kesho yake, na nesi hakuwepo. Akaenda dukani, akauziwa dawa ya matone kwa sababu eti ilimponya mtoto wa jirani. Ilikuwa dawa yenye steroidi. Dawa hiyo hupunguza wekundu na maumivu kwa siku chache, huku ikiwapa kuvu nafasi ya kuenea. Alipofika hospitali, doa jeupe lilikuwa limeziba mboni. Jicho hilo halioni tena, na yeye amewekwa kufagia uwanja kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza.

Nesi aliyefundishwa angepima kwanza kila jicho linaona kiasi gani, kwa ubao wa herufi au kwa vidole, akaandika. Angetia tone la rangi ya fluoresini, ambayo huufanya mkwaruzo ung'ae kijani chini ya mwanga wa buluu. Steroidi asingeigusa. Akiona doa jeupe, angempeleka mgonjwa siku ileile kwa mtaalamu wa macho. Natamisini, dawa ya kuvu wa jicho, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017, lakini zahanati haitaiagiza kama hakuna anayejua ni ya nini.

Ndani ya kiwanda adui ni chokaa, ile inayosafisha maji ya miwa. Chokaa ikiingia jichoni huzidi kupenya ndani kila dakika inayopita. Hapo hakuna kutafuta dawa wala gari: ni maji safi mengi, papo hapo, kwa nusu saa, kope zikigeuzwa ili vipande vilivyojificha vitoke. Katika kiwanda kimoja tulikofika, bomba la karibu lilikuwa nyuma ya ofisi ya mtunza saa, na mlango ulikuwa umefungwa. Tuliuliza ufunguo uko wapi, tukaambiwa mwenyewe amekwenda kula.

Na uuguzi si dawa tu. Mtu aliyefungwa macho yote mawili yuko gizani. Nesi mwema husema jina lake kabla ya kumgusa, humwambia sasa nakutia tone, litakuuma kidogo, na humwekea maji ya kunywa mahali ambapo mkono wake unapajua. Chupa ya matone ya mgonjwa mmoja haendi nayo kwa mwingine. Wapo wanaoona haya ni mambo ya upole wa wanawake. Hao hawajalala wodini bila kuona.

Sikio linadharauliwa zaidi, kwa kuwa halitoi damu. Kwenye mitambo ya kusaga miwa na kwenye mvuke, ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo tayari inadhuru. Inaua chembe za ndani ya sikio, na hizo hazioti tena. Huanza kupotea sauti nyembamba, mtu mwenyewe hajui. Mke ndiye hujua, au mtoto. Kisha msimamizi anaita, mfanyakazi haitiki, anaandikiwa barua ya ukaidi. Tunawajua waliofikishwa barua ya tatu. Mmoja wao alipopelekwa hatimaye kupimwa, alikutwa na nta ngumu iliyoziba masikio yote mawili. Iliondolewa, akasikia, lakini barua zilibaki katika faili lake.

Wengine hutoa usaha tangu utotoni. Sikio hilo hukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa. Halitiwi mafuta wala halisukumiwi maji, maana ngoma yake huenda imetoboka. Na ni vipi mgonjwa ataeleza haya ikiwa yeye ametoka Arua au Kongo na nesi anajua Lusoga tu? Kiswahili chetu hiki cha kambini kitumike zahanati, nesi asimame mbele ya mgonjwa, midomo ionekane, aseme taratibu. Kumpigia kelele asiyesikia hakusaidii.

Jirani zetu wa Kenya walitunga kanuni za kelele mwaka 2005, zikaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Uganda tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Lakini ni vigumu mfanyakazi kuthibitisha dai la fidia kwa sikio ambalo halikupimwa siku alipoajiriwa. Kwa hiyo tunataka masikio na macho yapimwe mtu anapoingia kazini na kila mwaka, kwa gharama ya mwajiri, na nakala ya majibu akae nayo mfanyakazi mwenyewe. Nesi wa zahanati apelekwe mafunzo ya macho na masikio huku mshahara wake ukiendelea. Aliyeumia jicho aende kwanza, cheti kifuate.

Makatibu wa matawi, kabla ya mazungumzo yajayo hesabuni hatua kutoka tangi la chokaa hadi bomba la maji katika kiwanda chenu, mje na hesabu hiyo mkutanoni.