Programu "nyepesi" iliyomaliza bando la watu

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, na leo narudi na lalamiko la kompyuta. Msiopenda mambo hayo nivumilieni, maana ndani yake kuna zahanati.

Nilikuwa nimeandika programu fupi kwa lugha ya Python, mistari haifiki 200. Inasoma majedwali mawili ya halmashauri, fedha za dawa zilizopangwa na fedha zilizofika kweli, kisha inaonyesha zahanati zipi zimepunjwa. Nikamtumia dada mmoja, mtangazaji wa redio ya jamii huko mkoani. Baraza la madiwani lilikuwa linakaa Alhamisi. Kwa kuwa kompyuta yake ni kuukuu, nilimwelekeza aweke Python ile ndogo kabisa, mkalimani mtupu, na mengine nikamwambia yatajivuta yenyewe.

Yakajivuta kweli! Jumatano usiku simu ikalia: "Kaka, bando limeisha, na bado inaniambia kuna kitu haikioni." Alhamisi madiwani wakakaa, wakapitisha hesabu, wakaondoka. Kipindi cha redio kilirushwa wiki iliyofuata, wakati hakuna tena wa kuulizwa swali.

Kosa ni langu, silikwepi. Lakini limenifanya nione jambo ambalo mafundi wengi hawalioni, kwa sababu wao intaneti iko ukutani kama umeme. Mtu anayefunga lugha ya programu katika umbo dogo hajapunguza mzigo wowote mpaka aseme wazi vilivyobaki nje ni vipi, vya toleo gani, na vinabebwaje. Asiposema hayo, ameutoa uzito kwenye diski yake na kuutwika bando la mwenzake.

Sipingi udogo. Debian, kwa mfano, wana furushi liitwalo python3-minimal: mkalimani na moduli chache za lazima, kwa kazi za msingi kama zile za mashine inapowaka. Na maelezo yake yanakiri hivyo. Hiyo ni haki kabisa. Tatizo ni sisi tunaolichukua neno "ndogo" na kulifanya sifa, kama vile mwenye nyumba anavyokuambia chumba ni cha bei nafuu halafu unakuta choo kiko mtaa wa pili.

Angalieni mnyororo wenyewe. Mimi niliita maktaba moja tu, pandas, ya kuchezea majedwali. Pandas inataka numpy. Inataka pia dateutil, ya kusoma tarehe. Dateutil nayo inataka six, ambayo kazi yake ni kuunganisha Python 2 na Python 3. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020! Yule dada amelipia kwa shilingi zake daraja la kwenda kwa marehemu. Six ni ndogo, sawa, kilichokula bando hasa ni numpy na pandas zenyewe. Lakini hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Na si suala la bando peke yake. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kijifurushi chake cha JavaScript kiitwacho left-pad, mistari 11 tu ya kujaza nafasi mbele ya maandishi, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. SSH yenyewe haiihitaji xz. Ilifika pale kwa sababu baadhi ya wasambazaji wa Linux waliiunganisha na maktaba ya systemd, na hiyo ndiyo iliyoibeba xz. Mgeni wa mgeni, na funguo za nyumba anazo.

Wapo watakaosema basi tufunge kila kitu ndani, kama zamani Python ilipojivunia kuja na betri zake. Hata wao wamechoka: toleo la 3.13, Oktoba 2024, liliondoa moduli 19 zilizozeeka. Sawa, zitoke. Ninachodai ni orodha iliyofungwa, yenye toleo kamili na alama ya uhakiki ya kila faili, na njia ya kuvibeba vyote kwa flashi. Njia ipo. Amri ya pip download inakusanya kila kitu kwenye folda moja, na kule unakokwenda unasakinisha kwa --no-index bila kugusa mtandao. Mbona mimi nilikuwa siijui? Kwa sababu mwongozo karibu wote niliosoma unaanza na pip install, kana kwamba bando halina mwisho.

Ila flashi nayo ina hila. Numpy huja imeshaandaliwa kwa aina fulani ya prosesa na toleo fulani la Python. Ukiikusanya kwenye laptopu yako mpya, kwa mwenzako inaweza isifunguke. Niliposhtukia hilo nikaamua kuiacha pandas kabisa, nikatumia moduli ya csv inayokuja na Python kamili. Mistari iliongezeka kama 40. Vitegemezi vikabaki sifuri.

Safari hii niliweka Python kamili ya mashine yake pamoja na programu yangu kwenye flashi moja, bahasha nikamkabidhi kondakta wa basi alfajiri. Jioni dada akaniandikia kwamba imefunguka na zahanati nne tayari zimetoka na rangi nyekundu. Baraza linakaa tena robo ijayo.