Mwamba Ngoma na Wachezaji Wake: Je, Umma Unataka Habari za Kweli?

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Methali hii hutajwa kila tunapovikashifu vyombo vya habari kwa upendeleo: gazeti hili ni la wale, kituo kile ni cha hawa, mtangazaji fulani amekwisha kununuliwa. Lawama hizi zina mashiko. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la pili: je, ngoma hiyo huchezwa na nani? Maoni yangu ni kwamba habari za upendeleo hudumu kwa kuwa zina wateja, na wateja hao ni sisi.

Tuirejelee historia yetu ya karibu. Tarehe 30 Desemba 2007, siku matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Umma haukukaa kimya ukisubiri ukweli. Ujumbe mfupi wa simu uliliziba pengo hilo, na ndani yake mlikuwamo uvumi na matusi ya kikabila. Tume ya Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, iliandika kuwa watu 1,133 waliuawa katika ghasia hizo, na ikavinyoshea kidole baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kiasili kwa kuchochea chuki. Lakini sumu iliyorushwa hewani haikutoka kinywani mwa watangazaji pekee. Katika vipindi vya simu, wasikilizaji wenyewe walipiga na kuyasema waliyotaka kuyasikia.

Uchaguzi wa 2013 ulileta sura nyingine. Kwa hofu ya kurudia maafa yale, vyombo vingi vya habari viligeuka wahubiri wa amani. Vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura vilikwama katika vituo vingi mnamo Machi 4, na mfumo wa kupeperusha matokeo ukalemaa, ilhali maswali magumu yaliyoulizwa yalikuwa machache. Upande ulioshinda uliuona unyamavu huo kuwa ukomavu, na upande ulioshindwa ukauona kuwa usaliti. Laiti matokeo yangegeuka, nashuku kuwa pande hizo zingebadilishana maneno bila hata kubadilisha sauti.

Huenda msomaji akapinga kwamba kuulaumu umma ni kumwonea mnyonge. Je, wamiliki wa vyombo hivi si wenye maslahi yao ya kisiasa na kibiashara? Je, serikali haiwezi kukibana chombo kwa kukinyima matangazo ya biashara, au hata kukizima kabisa kama ilivyovifanyia vituo vya televisheni Januari 30, 2018? Hoja hii ni ya kweli na sina nia ya kuibeza. Mwenye mamlaka hubeba lawama kubwa zaidi. Lakini mwenye mamlaka hufaulu kwa sababu anajua kuwa nusu ya umma itamshangilia. Kituo cha hasimu kinapozimwa, wengi wetu husema, "Wamezidi!" Ni chetu kinapozimwa ndipo tunapoikumbuka Katiba.

Katiba yenyewe yatupa kipimo kizuri. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo ya kweli inayomwathiri isahihishwe au ifutwe. Ni haki tukufu. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyewahi kudai isahihishwe habari ya uongo iliyomsifu yeye, au iliyomchafua mpinzani wake? Basi jibu la swali letu ni hili: umma hutaka ukweli, lakini aghalabu huutaka ukweli wa jirani.

Je, sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna dhima gani hapa? Habari zinapotangazwa kwa lugha ya jamii moja, mtangazaji hujua kwamba wengi wa wapinzani wa jamii hiyo hawamsikii. Kiswahili hakina kambi ya kura nchini Kenya. Msomaji wa habari kwa Kiswahili huwahutubia mshindi na mshinde kwa sentensi moja. Hii ni neema, lakini pia ni mtego, kwani anayeogopa kumuudhi yeyote hujificha nyuma ya sarufi.

Tuzitazame sentensi tatu. "Polisi walimpiga risasi mwandamanaji, akafa." "Mwandamanaji alipigwa risasi, akafa." "Mwandamanaji alipoteza maisha." Katika sentensi ya kwanza mtenda yupo. Katika ya pili, kauli ya kutendwa imemficha. Katika ya tatu, marehemu mwenyewe ndiye kiima, kana kwamba aliyaangusha maisha yake njiani kama mtu aangushaye ufunguo. Hakuna uongo uliosemwa katika sentensi hizo, na bado mwuaji ameondoka bila ya kutajwa. Vivyo hivyo, mmoja "husema" na mwingine "hudai"; kundi moja ni "waandamanaji" na lingine ni "wahuni", ingawa yote mawili yalibeba mabango.

Kazi ya kuyafichua haya ni yetu kuliko ya mwingine yeyote. Hatuna budi kuacha kufunza mnyambuliko wa vitenzi kwa ugali uliopikwa na Juma pekee. Wahadhiri wetu na wachukue habari moja kutoka magazeti matatu, wawaombe wanafunzi wamtafute mtenda: yuko wapi, na ni nani aliyemwondoa? Wengi wa wanafunzi hao ndio watakaokuwa wahariri, wafasiri na watangazaji wa kesho.

Fauka ya hayo, kila mmoja wetu aanze na ile habari inayoupendeza upande wake. Aisome mara mbili, aihoji kama ambavyo angeihoji ya hasimu, na ikiwa ni ya uongo, aseme hivyo mbele ya wenzake. Mwamba ngoma ataacha kuvutia kwake siku atakapoona kuwa uwanja hauna wachezaji.